Almari Isiyohimili Wana

Bi Nour hakulikataa kabati. Alilifungua, akalifunga, akapitisha kidole mlangoni pale ambapo karatasi ya rangi ya mbao ilikuwa imeanza kubanduka kwa unyevu wa pwani, kisha akauliza kwa upole, "Hili ni la muda, sivyo?"

"La muda," Mwanamkisi akajibu.

Hapo ndipo shida ilipoingia nyumbani, kwa sababu kabati lile halikuwa la muda. Ndilo walilokuwa nalo. Muhdhar, mumewe Mwanamkisi, karani wa ghala la saruji, alikuwa amelinunua kwa jasho lake na kulipandisha ngazi kwa mgongo wake hadi kwenye vyumba viwili alivyomjengea binti yao Rumaisa juu ya paa. Alikuwa amesimama papo hapo mlangoni, kofia mkononi, akisikia kitu chake kikipewa jina jipya. Alishuka chini akaenda kusali ingawa adhana ilikuwa bado.

Bi Nour alikuwa mama yake Uthman, mchumba wa Rumaisa. Kwao ni mjini, watu wa maduka na wa vyuo, nyumba za kuta nene ambazo kila kitu ndani yake kina jina la marehemu aliyekiacha. Hakuwa mwanamke mbaya, na yeyote aliyetaka kumchukia alipata kazi, maana alikuwa na adabu hata anapokuchoma. Kabla ya kuondoka alisema kwamba kwao bibi harusi huingia na almari ya kale, ya mbao yenyewe, iliyokwisha kuona dunia, kwani nguo za harusi hazilazwi kwenye maboksi. "Lakini msijitaabishe," akamalizia. Kila mwanamke wa Lamu anajua maneno hayo yana maana gani.

"Mama, niachie hilohilo kabati," Rumaisa alisema walipobaki peke yao. "Mimi naolewa na Uthman, siolewi na mamake."

"Nyamaza wewe. Yule wa kwanza, si ulisema vivyo hivyo?"

Mchumba wa kwanza wa Rumaisa alikuwa ameondoka bila kuaga, baada ya watu wake kuja kutazama nyumba, na mtaa wao mzima wa Wiyoni ukapata mazungumzo ya kunywea chai. Mwanamkisi aliyameza yote yale kimya. Alikuwa ameapa moyoni kwamba hatayameza mara ya pili, na kiapo cha mama aliyeaibika ni kitu cha kuogopwa.

*

Asikudanganye mtu kwamba kuchagua almari ya kale ni kazi ya macho. Macho ni ya wageni. Mwanamkisi alichagua kwa pua na kwa vidole, alivyofundishwa na nyanyake. Alivuta droo akaigeuza juu chini, maana fundi wa kale hakupoteza randa mahali ambapo hapaonekani, na ukikuta chini yake pamelainishwa kama uso wa meza, ujue ni ya juzi. Alitazama sakafu chini ya miguu ya almari kama pana unga mwepesi wa dumuzi. Unga ukiwepo, mdudu yu hai, na ukiileta hiyo nyumbani umeleta mlaji wa boriti zako.

Dukani kwa Jamaludin, mfanyabiashara wa vitu vya kale karibu na bandari, alionyeshwa moja inayong'aa kwa shaba.

"Hini ina miaka mia, Bi," Jamaludin alisema.

Mwanamkisi akatia kichwa ndani ya droo, akanusa. "Ina kahawa."

"Kahawa?"

"Mumeipaka kahawa ipate weusi. Babangu alikuwa akiinywa kahawa, Bwana, hakuwa akizipakia mbao."

Jamaludin akacheka, hakuona haya. "Wazungu hawanusi," akasema. Kisha, labda kwa kuheshimu pua ile, akamwambia kwamba kama anataka ya kweli aende Chundwa, kisiwani Pate, kwa Bi Alawiya. Mwanawe Fadhil alikuwa akiuza vyombo vya nyumba kimoja kimoja.

Mwanamkisi aliwahi kulisikia jina la Bi Alawiya. Ni yule bibi aliyezaa akazika, akazaa akazika, mpaka akabaki na Fadhil peke yake. Wanawake wakilitaja walishusha sauti na kuwavuta watoto wao karibu. Mwanamkisi hakulitia maanani. Alikuwa akitafuta mbao, si nasaba.

*

Alikwenda Chundwa peke yake. Almari ilikuwa chumba cha ndani, imesimama gizani, ndefu kuliko mtu, na alipoiona moyo wake ulipiga kama wa msichana. Mbao ya msaji, nzito, vishikio vya shaba vilivyolika kwa vidole vya watu. Droo zake zilikuwa pana na za kina kirefu, nne kutoka juu hadi chini. Aliivuta moja ikaja bila kelele. Aliigeuza, akakuta chini yake ghafi, na alama za msumeno. Alinusa, akakuta karafuu na vumbi. Juu tu ndipo palipokuwa na kasoro, maana badala ya kifuniko cha asili palikuwa pamepigiliwa mbao nyembamba.

"Hapo palikuwa na jiwe la marumaru," Fadhil alisema. "Limechukuliwa na wenye nyumba mpya Shela. Lakini hilo ni pambo tu, Bi. Almari ni hii."

Bi Alawiya alikuwa ameketi kitandani pembeni, mdogo, macho yameingia ukungu. Alikuwa kimya tangu salamu. Mwanamkisi alipoivuta droo ya pili, ya kwanza ikiwa imerudishwa nusu tu, mbao ikalia, na bibi yule akainua kichwa.

"Mwanangu," akasema, "wewe hini waitaka ya nani?"

"Ya binti yangu, Bi. Aolewa."

"Sikiza basi. Almari hini haihimili wana wengi. Mmoya, hewala. Wakiwa wengi, itakuliza."

Aliirudisha droo mahali pake taratibu.

"Imeliza watu hini," Bi Alawiya akaendelea. "Mimi nilikuwa kijana, nalimuona mamangu..."

"Mama," Fadhil akamkata. "Bi amekuja kununua, hakuja kuhadithiwa." Kisha akamgeukia Mwanamkisi na tabasamu la muuzaji. "Uzee. Msamehe."

Bibi yule akanyamaza kama wanyamazavyo wazee wanaolishwa na watoto wao. Mwanamkisi angeweza kuuliza. Neno moja tu lilitosha, wana gani, Bi, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini hakuuliza, kwa sababu alidhani ameelewa. Mbele yake ameketi mwanamke aliyezaa wengi akabakiwa na mmoja, naye anamwambia mmoja, hewala. Ni nani angehitaji tafsiri?

Na palepale, mkono ukiwa bado juu ya shaba, alipima. Alimpima Bi Nour na kidole chake mlangoni mwa kabati. Aliupima mdomo wa Wiyoni. Upande wa pili aliwaweka wajukuu ambao hawajazaliwa, ambao pengine wangezaliwa hata hivyo, kwani nuhusi, mkosi wa kitu, huondolewa kwa dua, na aliye juu ni Mungu. Mizani ikalala upande wa Bi Nour.

Akavua kikuku chake cha dhahabu. Fadhil hakukipokea hivihivi. Alikipiga picha kwa simu, akaituma kwa sonara wa mjini, na Mwanamkisi akasimama mkono mtupu kusubiri mtu asiyemjua aseme kama kikuku alichovishwa na mamake ni cha kweli. Jibu lilipokuja Fadhil akasema, "Haya, hakuna neno," na Mwanamkisi akajikuta anamshukuru.

*

Nyumbani aliwaambia kila kitu isipokuwa neno la Bi Alawiya. Rumaisa aliizunguka almari, akaigusa, na licha ya maneno yake yote macho yakamng'aa. "Mashaallah, Mama," akasema, na Mwanamkisi akaona kama kikuku chake kimemrudia.

Macho ya Muhdhar hayakung'aa. Aliishika almari kwa juu akaivuta kidogo, ikamfuata. Sakafu ya chumba kile aliimwaga mwenyewe, akaipa mteremko kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke, na sasa almari nayo ilikuwa imeinamia mlangoni. Alikunja vipande vya karatasi ngumu akavitia chini ya miguu ya mbele. Ikaonekana kusimama.

"Inacheza hini," akasema. "Nitaipiga msumari ukutani."

"Msumari? Ukuta umepakwa rangi juzi, Baba Raihana. Unitobolee ukuta waje watu waone matundu?"

"Wakishaondoka, basi."

"Wakishaondoka, fanya utakavyo."

Alikubali. Tangu siku ya kabati Muhdhar alikuwa amekubali mambo mengi kwa haraka, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba aliyoijenga si mahali pake pa kusema.

Raihana, binti yao mkubwa, alikuja kutoka Kipungani kusaidia matayarisho, akiwa na mwanawe Musab. Raihana alimpata mtoto huyu baada ya kungoja miaka hadi watu wakaacha kumwombea mbele yake. Musab alikuwa hajaanza chuo cha Kurani bado, na alikuwa na tabia ya kupanda kila kinachopandika. Siku ya kwanza tu alining'inia kwenye kishikio cha shaba, na Mwanamkisi akamvuta kwa nguvu hata mtoto akashtuka akalia.

"Mama, ni mtoto tu," Raihana akasema.

"Almari hini si ya watoto," Mwanamkisi akajibu, na sauti yake mwenyewe ikamtia hofu.

Usingizi ulimkimbia. Kila alipomtazama Rumaisa akikunja nguo, alimwona akizeeka katika chumba kile bila kilio cha mtoto. Mwishowe alikwenda kwa Mwalimu Shuaib, akamwomba amwandikie kombe.

"La maradhi gani?" Mwalimu akauliza.

"Si maradhi. Ni baraka ya nyumba mpya."

Mwalimu alimtazama kidogo. "Ukinificha ugonjwa, Bi, dua nitaielekeza wapi?"

"Hakuna ninachoficha, Mwalimu."

Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akazikosha kwa maji ya waridi, akampa kwenye chupa. Siku hiyo Mwanamkisi alijifungia na almari. Alifukiza ubani. Alitoa droo moja, akaipangusa kwa kombe kona zote, akairudisha, akatoa nyingine. Kwa kuwa alikuwa akizitoa moja moja, almari ilisimama imara kama mnara wa msikiti. Alipomaliza alihisi mwepesi. Alikuwa ameiona hatari, ameikabili, ameimaliza, na tena bila kumtia mtu wasiwasi. Usiku ule alilala.

*

Siku ya kuonyesha vyombo wanawake walijaa ngazi hadi barabarani. Chumba kilinuka udi na jasho. Rumaisa, kama ada, alikuwa amefichwa chumba cha pili na shoga zake. Bi Nour aliketi kwenye ukingo wa kitanda, na alipoiona almari aliikazia macho. Kisha akainuka akaigusa.

"Hini," akasema, "ndiyo almari."

Mwanamkisi alidhani ataanguka kwa furaha. Wanawake wa Wiyoni walisikia, na hilo ndilo lililokuwa muhimu, wote walisikia.

Ada ya siku hiyo ni kwamba hakuna kinachofichwa. Alichopewa binti na kwao hufunguliwa chote, kila mtu akione kwa macho yake, asije kesho akasema alikuta sanduku tupu. Raihana akavuta droo ya juu, iliyojaa chupa za marashi na vikopo vya udi. Vigelegele vikapigwa. Akavuta ya pili, kanzu na mabuibui mapya. Shangazi mmoja akavuta ya tatu, mashuka mazito ya kudariziwa, na mbao ikalia, lakini ni nani angeisikia katika vigelegele vile. Miguu ya mbele ikazibonyeza zile karatasi za Muhdhar mpaka zikawa bapa.

"Na ile ya tini?" Bi Nour akauliza, akitabasamu.

Mwanamkisi mwenyewe ndiye aliyeinama. Ile ya chini ilikuwa na kanga, jozi kwa jozi, zimebanwa hata ikawa nzito kuvuta. Akaivuta kwa mikono miwili hadi mwisho, akasogea kando watu waone. Kila mtu akaona. Na Musab, ambaye alikuwa akipenya katikati ya mabuibui akitaka naye kuona, akakuta mbele yake ngazi. Akaweka mguu kwenye droo ya chini, akashika ya juu yake.

Almari haikuanguka ghafla. Iliinama, ikasita, kana kwamba inatafuta kitu cha kuishika kwa nyuma. Chupa za marashi zikaanza kuteleza kuja mbele. Kisha ikaja.

Wanawake waliinyanyua kwa mikono yao ya hina, Bi Nour miongoni mwao, akaumia bega. Muhdhar alipanda ngazi akamchukua mtoto kwa Raihana, akashuka naye mbio akipiga kelele watu wampishe njia. Hospitali walimpokea. Kabla ya alasiri Musab alikuwa amekwisha kufa, na nguo za Muhdhar zikanuka waridi na udi mpaka alipozivua.

*

Kilio kiliwekwa chini, sebuleni, chini ya chumba kilekile. Watu walisema kadari. Walisema mtoto ni ndege wa peponi, atawangojea wazazi mlangoni. Bi Nour alikuja mkono ukiwa umefungwa, akalia machozi ya kweli, na akamwambia Mwanamkisi sikioni kwamba ndoa haivunjiki, watoto wafunge nikahi kimya kimya tanga likishaanuliwa. Mwanamkisi alikuwa amepata alichokitaka. Aliitikia kwa kichwa.

Juu ya yote alishikilia jambo moja, kwamba nuhusi iliyomfikia Musab haikuwa ile aliyoambiwa. Aliyoambiwa ni ya uzazi. Hii ni ajali. Alijirudia hivyo katika kila Yasini iliyosomwa.

Bi Alawiya aliletwa kutoka Chundwa akiwa ameshikwa kwapa. Habari ilikuwa imemfikia, naye alikataa kubaki. Walimketisha kati ya Mwanamkisi na Raihana. Aliutafuta mkono wa Raihana kwa kupapasa, akaushika, akalia bila sauti.

"Nalimwambia mamako," akasema hatimaye. "Haihimili wana wengi. Nalimwambia."

Raihana, ambaye tangu maziko alikuwa hasemi ila anapoulizwa, akamgeuzia bibi uso. "Wana gani, Bi?"

"Wana wa almari, mwanangu. Hizi muitazo droo. Ukivuta mmoya husimama. Ukivuta wote pamoya, huya mbee, ikakuangukia. Kale ilikuwa na iwe la marumaru yuu yake, kwa nyuma, likiizuia kidogo, na hata hivyo ilimvunda mamangu mguu. Fadhil ameliuza iwe. Haikuwa na kitu cha kuishika tena."

Kina mama wa Chundwa waliokuja na bibi wakaitikia kwa vichwa, maana kwao wana wa almari ni wana wa almari tu. Wiyoni neno hilo limekufa siku nyingi. Wiyoni husemwa droo.

"Aliambiwa?" Raihana akauliza, lakini hakumuuliza Bi Alawiya tena. Alikuwa akimtazama mamake. "Uliambiwa, Mama? Ukaacha tuzivute zote?"

Mwanamkisi angeweza kusema bibi amezeeka, anachanganya maneno. Fadhil angelimuunga mkono. Lakini macho ya Raihana yalikuwa juu yake, na kulikuwa na jambo moja duniani alilotaka sana yaamini, nalo ni kwamba hakumuua mtoto yule kwa kujua.

"Wallahi sikujua," akasema. Machozi yakaanza kumtoka, na maneno yakatoka nayo bila kupangwa. "Wallahi, mwanangu. Nilidhani ni watoto wa kuzaliwa. Nilidhani ni nuhusi, kwamba atakayekuwa na almari hiyo hatapata watoto ila mmoja, au atawazika. Ndivyo nilivyoelewa. Nimeipangusa kwa kombe, nimeifukiza. Lau ningelijua itamfika Musab, nisingeileta nyumba hini. Nisingeileta kabisa."

Kitu usoni mwa Raihana kikalegea kidogo, na pengine kwa siku zijazo angeweza kumwamini.

Lakini mlangoni alikuwa amesimama Rumaisa na sinia ya vikombe vya kahawa, na alikuwa amesikia tangu mwanzo hadi mwisho.

"Atakayekuwa nayo ni mimi, Mama, nawe ukaniletea," akasema.

Hakupaza sauti. Alingoja, kama kwamba huenda kuna maneno mengine ambayo hajayasikia. Yalipokosekana aliiweka sinia sakafuni, taratibu, kahawa isimwagike, akapita mbele ya mamake bila kumtazama, akaenda kuketi ubavuni mwa dada yake.